Kituo Chenye Vyumba Sita

Hotuba ya Bwana Ngalula Ignace, Mratibu wa Ubia wa Jamii kwa Elimu ya Watu Wazima, aliyetumwa kutoka Kasai kuja Beni, na kutoka Beni kuja kwetu. Ilitolewa kilimani, upande wa Musienene, siku ya soko, mwezi wa Desemba 2001. Mimi Jean-de-Dieu, katibu wake, niliamriwa niandike kila neno na kila makofi, nisiache kitu. Sikuacha.

Mheshimiwa Chef Lusenge, mlinzi wa udongo na desturi za kilima hiki. Mheshimiwa Commandant Jordy, ngao yetu, pamoja na kikosi chake chote kilichosimama pale mvuani kikilowa kwa uzalendo. Baba Padri, ambaye ametuma udhuru na ambaye kiti chake kimekaliwa na kofia yangu. Waheshimiwa wauzaji wa viazi, wa maharagwe, wa sabuni na wa mafuta ya mawese. Waheshimiwa waendesha chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ambao nawaomba kwa heshima zote waiondoe ile mizigo ya kabichi mbele ya meza kuu. Waheshimiwa wajane, wazee, vijana wa nguvu na wenye mbuzi, hasa mwenye huyu mbuzi anayetafuna waya wa kipaza sauti. Mabibi na mabwana, kila mtu kwa cheo chake na asiye na cheo kwa uvumilivu wake: Wavukire!

(Kicheko kikubwa. Ni saa nane mchana, na hiyo ni salamu ya asubuhi.)

Nawashukuru kwa shangwe hizo. Mimi, Ngalula Ignace, mtu niliyesoma, mtu niliyesafiri, mtu niliyelala Mbuji-Mayi na kuamka na madaraka, nilipoambiwa na wakubwa wangu kwamba huku milimani kuna baridi inayopasua midomo, na kwamba barabara ya kutoka Beni ina vizuizi vingi kuliko kona, na kwamba vita vyenyewe vimesitishwa mara nne lakini havijapata habari, niliuliza jambo moja tu: je, watu wazima wa kule wanajua kusoma? Wakajibu: si wote. Nikavaa makoti yangu mawili, nikaja.

(Mwanajeshi mwenye fimbo anawakumbusha watu kwa Kilingala: “Bobeta maboko!” Makofi.)

Asanteni, asanteni, msizidishe. Ndugu zangu, leo ni siku ya historia, siku ya ufunguzi rasmi, siku ambayo kwa mujibu wa feuille de route, na katika mfumo wa développement intégré, na kwa kuzingatia synergie ya wadau wote wa ngazi ya chini, ya kati na ya juu kidogo, tunafungua Kituo chetu cha Kusomesha Watu Wazima, ambacho ni tunda la ubia. Na ubia ni nini? Kuna watu wanatumia neno hili bila kulielewa. Ubia ni mimi na ninyi. Ninyi mnaleta mawe, mchanga, mbao, maji na mikono. Mimi naleta ubia.

(Mzee Kasika, mwashi, anauliza kuhusu kazi ya lazima ya kijiji ya kila Jumamosi: “Na ile mawe tulibebaka ku salongo Posho tatu, iko wapi?”)

Swali zuri sana, swali la mtu ambaye mpango umekwisha kumfikia. Mawe yale, mzee wangu, yako katika awamu ya kukomaa. Huwezi kuchukua jiwe leo mtoni na kesho ukalitia katika elimu. Suivi-évaluation inatutaka tuliangalie kwanza.

Sasa niingie katika takwimu, kwa sababu mimi si mtu wa maneno matupu. Takwimu zetu, nilizozikusanya mwenyewe nikiwa Mulekera, kule Beni, mezani, kwa njia ya kisasa isiyomsumbua mwananchi nyumbani kwake, zinaonyesha kwamba tangu mwezi wa tisa watu wazima mia nne na kumi na wawili wa kilima hiki wamejua kusoma na kuandika. Idadi hiyo inazidi watu wazima wote wa kilima hiki kwa watu sitini na watatu. Nani mwingine aliwahi kuwafanyia hivyo? Serikali gani ilipata kusomesha watu wote na kubakiza akiba?

(Makofi machache. Mama mmoja anamwuliza jirani yake: “Weye umesomaka?” Jirani: “Labda niko mu ile akiba.”)

Na tumefanya haya katikati ya vita. Kulikuwa na madawati kumi na mawili yaliyokuwa yaje kutoka Lubero. Yalipofika kwenye vizuizi, usiku ulikuwa wa baridi, nayo yakatoa mchango wake wa moto kwa vijana wetu. Silalamiki. Dawati lililompa mwanajeshi joto nalo limetumikia taifa, na Commandant Jordy hapa ni shahidi wangu.

(Commandant Jordy anaangalia viatu vyake.)

Basi niwaeleze Kituo chenyewe, maana naona macho yenu yanazunguka zunguka. Mnaona utepe huu mwekundu niliofunga kati ya mikaratusi miwili. Mnaona nyuma ya utepe kuna shamba la maharagwe, maharagwe mazuri, yamekauka vizuri, yako tayari kung'olewa. Mtu asiye na upeo ataona maharagwe tu. Lakini mtu aliyefunguka kimawazo ataona Kituo chenye vyumba sita! Vyumba sita, ndugu zangu, vyenye bati jipya la kung'aa ambalo mvua ya milima hii italipigia ngoma bila kupenya. Vyenye sakafu ya saruji iliyo kavu mwaka mzima. Vyenye milango ya mbao ngumu na kufuli. Chumba cha kusoma, chumba cha kuandika, chumba cha kuhesabu, chumba cha walimu sita, bohari ya chaki, na bureau yangu, yenye mahali pa kuwashia moto.

(Commandant Jordy anasogeza kiti chake karibu. Anamnong'oneza msaidizi wake: “Alisema chumba ngapi?”)

Sita, Commandant, sita. Kituo, mabibi na mabwana, si kuta. Kuta zinabomoka, sisi wote tumeziona zikibomoka miaka hii. Kituo ni wazo, na wazo halipigwi bomu. Hata hivyo Chef wetu Lusenge, kwa hekima yake ambayo nimeivumilia kwa miezi mitatu, ameniwekea sharti. Ameniambia: Mratibu, kabla ya kukata utepe, nataka kwa masikio yangu kumsikia mtu mzima mmoja wa kilima changu akisoma. Mmoja tu! Mimi ninao mia nne! Lakini nakubali, kwa unyenyekevu wangu mnaoujua, na ninamwita mbele mfaidika wetu wa kwanza, mwanamke shupavu, mkulima, Mama Berthe, ambaye mwezi wa tisa alikuwa haoni tofauti kati ya herufi na nyayo za kuku, na ambaye alijiandikisha kwangu kwa kidole chake. Njoo, Mama. Usiogope.

(Mama Berthe Kavugho, mjane wa marehemu Nzanzu, anapita mbele. Shamba la maharagwe lililo nyuma ya utepe ni lake. Ndilo analolishia watoto wanne. Ni lazima niandike na hili: jana jioni Bwana Mratibu alimkaririsha sentensi moja, “Mimi Berthe nimejua kusoma, asante Bwana Mratibu,” aiseme huku akiangalia karatasi yoyote. Nilikuwepo.)

Na ili isije ikasemwa kwamba tunachezacheza, nitampa asome hati ya serikali. Katibu, nipe karatasi kutoka faili. Si hiyo. Hiyo haina muhuri, watu watatudharau. Wala hiyo, ina muhuri mmoja. Nipe ile yenye mihuri mitatu. Hii! Tazameni, ndugu zangu, muhuri wa Uratibu, muhuri wa Chef, na muhuri mwingine. Hii ndiyo karatasi ya mtu aliyesoma. Shika, Mama. Soma kwa sauti.

(Mama Berthe anaishika karatasi. Anaiangalia muda mrefu. Anaweka kidole kwenye neno la kwanza. Anasema: “Hii haiko ile uliniambiaka jana.”)

Ni furaha, mabibi na mabwana. Furaha inamfanya asahau. Mama, ile sentensi. Mimi Berthe…

(Mama Berthe anaanza kusoma, polepole, kidole kikitembea: “Mi-mi… chef… Lu-se-nge… nina-shu-hu-di-a… kwamba sha-mba… la Berthe… lililo kati ya mi-ka-ra-tu-si… na kijito… lita-kuwa… mali ya… Bwana Nga-lu-la Ignace… kwa nyumba… yake… ya ku-ka-a.” Watu wanasogea karibu wasikie. Hata wenye chukudu wamesimama.)

Asante, Mama, inatosha, amesoma vizuri, makofi!

(Hakuna makofi. Mwenye fimbo naye anasikiliza. Mama Berthe anaendelea: “…kuanzia siku… Kituo cha Ku-so-me-sha… kitakapo-fungua… mlango wake.” Anainua uso. “Mwezi ya tisa uliniambia niweke kidole, ni liste ya majembe. Niliweka. Jembe haikuya. Tangu ile siku minatafuta hii karatasi nijue nilitia kidole yangu ku nini. Njo sababu nilienda kusoma, Bwana Mukubwa. Haikuwa kwa kukufurahisha.”)

Mnasikia? Mnasikia matokeo? Mwanamke huyu amesoma sentensi ndefu, ya kisheria, yenye masharti, bila msaada! Nani sasa atasema mpango haufanyi kazi? Nauliza mbele ya umma huu: Mama Berthe, nani alikusomesha?

(Mama Berthe: “Mwalimu Abdias. Kila Alhamisi, ku shirika, kisha sala. Alhamisi moja mu jikoni yangu, ingine mu jikoni ya mwingine. Anaandika na makaa juu ya mulango ya kuku.” Wanawake kumi na wanne wa shirika lake, kile kikundi cha sala cha majirani, wanainua mikono: “Na sie!”)

Ndiyo kusema shirika hilo la sala ni antenne yetu! Ni tawi! Nilikuwa naliweka kama mshangao! Mwalimu Abdias, yuko wapi, asimame, mfanyakazi wetu wa ngazi ya jikoni, ninamtangaza sasa hivi kuwa…

(Mwalimu Abdias, anayefundisha shule ya msingi bila mshahara tangu vita vianze, anajibu akiwa amekaa: “Mimi sikujui, Bwana.”)

Unyenyekevu. Unyenyekevu wa mwalimu wa kweli. Sasa turudi kwenye ratiba. Naona Chef amesimama. Chef, kaa tu, protokali haijafika kwako.

(Chef Lusenge hakai. Anasema: “Mimi macho yangu inaona kashe, ile muhuri, tu, maandiko inanipita. Ulinisomea ile karatasi weye mwenyewe, ukasema ni shamba ya centre, batu basome. Hukusema ni nyumba yako ya kulala. Lakini neno yangu moja naisikia imebakia mule: mpaka centre ifungue mulango. Sawa. Mimi hapana kuvunja neno. Onyesha mulango. Kama iko, kamata shamba. Kama haiko, acha mama avune.”)

(Watu wote: “Mulango! Mulango! Mulango!”)

Tulieni. Tulieni! Mnamfikiria Ngalula ni mtu wa kuyumbishwa na mlango? Nilijua siku hii itafika, na ndiyo maana nimenunua utepe. Kwa madaraka niliyopewa, na kwa kuwa mtu mzima mmoja amesoma mbele ya umma kama sharti lilivyotaka, mimi natangaza kwamba Kituo cha Kusomesha Watu Wazima, chenye vyumba sita, bati jipya, sakafu kavu na kufuli, kuanzia dakika hii kiko wazi! Kipo! Kinafanya kazi! Katibu, mkasi!

(Nilisema sina mkasi. Kwa kweli nilikuwa nao. Mama Berthe amesimama mbele ya shamba lake, mikono kiunoni, wala hasogei.)

(Commandant Jordy anasimama. Anasema kwa upole: “Mratibu, pesa fungola.” Anarudia kwa Kiswahili, kila mtu asikie: “Leta funguo. Basoda yangu thelathini banalala chini ya sheeting ya plastiki ya kutoboka, mvua inabanyeshea wiki ya tatu. Kama iko nyumba ya vyumba sita, na bati, na sakafu kavu, na pa kuwasha moto, tutaingia leo. Batu bazima batasoma kisha vita kwisha.”)

Commandant, ndugu yangu, mpiganaji mwenzangu. Unajua, tunaposema vyumba sita, katika lugha ya miradi, hiyo ni capacité d'accueil, yaani uwezo wa kupokea watu. Ni sita kwa ujumla wake. Ukiondoa bureau yangu, ambayo bado iko katika majadiliano, na bohari ya chaki, ambayo inasubiri chaki, vinabaki vinne.

(Commandant: “Vinne inatosha.”)

Vinne, ndiyo, lakini viwili kati ya hivyo viko à mi-parcours, yaani katikati ya safari.

(“Viwili inatosha. Tutabanana.”)

Na hivyo viwili, mkubwa wangu, kama ukiviangalia kwa jicho la kiufundi… bati bado liko dukani Butembo, halijajua kama litakuja huku. Saruji vilevile haijapata taarifa.

(Commandant anamgeukia msaidizi wake: “Huyu mutu anaficha nyumba. Anaogopa tutaichafua.” Wanajeshi wawili wanapita pembeni ya mikaratusi na kuanza kuitafuta nyumba ndani ya shamba, wakipekua maharagwe kwa uangalifu. Mama Berthe: “Muangalie miguu yenu!” Wanaomba radhi. Watu wanacheka mpaka mwenye mbuzi anamwachia mbuzi wake.)

Sifichi! Naapa kwa kofia yangu iliyoko pale kwenye kiti cha Padri, sifichi nyumba! Mabibi na mabwana, labda umefika wakati wa kufunga hotuba, mvua inakaza, nanyi mna safari. Semeni nami: Elimu kwa watu wazima!

(Watu: “Mulango!”)

Ubia!

(“Mulango!”)

Ujinga chini, chini, chini!

(“Chini!” Hapa wote wanaitikia vizuri, huku wakimwangalia yeye. Bwana Mratibu anatafuta njia kwenye ngazi ya jukwaa. Commandant amesimama chini yake, ameweka mguu mmoja kwenye ngazi, anangoja funguo bila haraka.)

Vizuri. Mimi ni mtu wa uwazi. Sikuzote nimesema transparence ni nguzo ya nne. Basi kwa usalama wa raia, na kwa usalama wangu, ninalo tangazo la kiutawala, nalo ni hili: nyumba hakuna.

(Chef Lusenge: “Hapana kusema na mudomo. Mudomo ilinidanganya mwezi ya tisa. Andika.” Mama Berthe: “Ndiyo, aandike. Nitasoma kwanza, mbele atie sahihi.”)

Kuandika, Mama? Mbele ya watu wote hawa? Sawa, sawa, Commandant, nimesikia, tunaandika. Katibu, chukua karatasi safi. Andika kwa herufi kubwa, kwa heshima ya msomaji. “Mimi, Ngalula Ignace, kwa niaba yangu mwenyewe, ninatoa shukrani za dhati. Ninawashukuru walimu sita wa Kituo, ambao sijawahi kuwatafuta. Ninawashukuru wanafunzi mia nne na kumi na wawili, ambao kati yao ninamfahamu mmoja, naye alisomeshwa na mtu mwingine.” Usicheke, Jean-de-Dieu, andika. “Ninamshukuru Chef kwa sharti lake, ambalo nililiona dogo. Ninamshukuru Commandant kwa kunisaidia kukumbuka ukweli. Kituo hakikuwepo mwezi wa tisa, hakipo leo, na hakuna mtu aliyewahi kuagiza kiwepo, hata Beni, ambako wanajua tu kwamba nimetoka. Kwa hiyo mlango haujafunguliwa, na shamba la Berthe ni la Berthe. Asanteni sana kwa kuja kwa wingi kwenye ufunguzi.” Hapo. Sahihi yangu.

(Mama Berthe anamzuia mkono kabla kalamu haijagusa karatasi. Anaichukua, anaisoma yote, neno kwa neno. Tunangoja kwenye mvua, watu wote wa soko, wanajeshi, hata Mwalimu Abdias ambaye sasa amesimama na midomo inatembea pamoja naye. Inachukua muda, wala hakuna aliyeondoka.)

(Anamrudishia. Anasema: “Iko muzuri. Lakini hapa uliandika Berthe tu. Ku hii kilima tuko ma-Berthe saba. Ongeza: Kavugho, bibi ya Nzanzu. Utaandika, mi nitaangalia.”)

(Akaongeza. Alikosea kidogo, ikabidi alirudie jina, naye Mama Berthe akamtajia lilivyo, silabi moja baada ya nyingine, kwa subira, kama mtu anavyomfundisha mwenzake.)